Na sisi wanawake watu wazima tupeni mzigo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nilizungumzie jambo ambalo kwetu Wete linabishaniwa barazani takriban kila jioni: mwenye kutaka nguvu apige pushapu na kuchuchumaa, au aende akanyanyue vyuma? Vijana wamegawika makundi mawili na hakuna anayekubali kushindwa. Sisi wanawake wa makamo hatuulizwi, maana imeshachukuliwa kwamba nguvu si shughuli yetu. Hilo ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Nina miaka 61 na nimesomesha skuli ya msingi miaka 34. Mwaka juzi nilifika pahala ikawa nikitoka kwenye sijda ya pili siinuki mpaka nishike ukuta. Nikajiunga na kikundi cha mazoezi cha alfajiri. Tunakwenda mchakamchaka, tunaruka, tunazungusha mikono, na kila Januari 1 tunatoka na vikundi vyenzetu barabarani. Kikundi hicho sitokibeza hata kidogo, kimenipa pumzi na kimenipa mashoga. Lakini mwaka ulikwisha na ukuta bado nashika.

Aliyenifumbua macho ni mtoto wa kaka yangu, hamali bandarini. Uani kwao ana vyuma alivyotengeneza mwenyewe: bomba la maji, na kila ncha kopo la rangi lililomiminwa saruji. Tulipoyapima makopo hayo kwenye mizani ya duka la nafaka, moja lilikuwa kilo 17 na jingine 19, ndiyo maana bomba lilikuwa likimlalia upande. Lile jepesi akalifunga kimfuko cha mchanga wa kilo 2. Akaniambia, "Shangazi, miguu yako imeshauzoea mwili wako. Haijapewa kazi mpya."

Maneno hayo yana ukweli kuliko mabishano yote ya barazani. Msuli huongeza nguvu unapopewa mzigo unaozidi ule uliouzoea, kisha mzigo huo ukaendelea kukua kidogo kidogo. Kwa asiyeweza pushapu 5, mwili wake mwenyewe ni mzigo tosha: mikono hubeba karibu theluthi mbili ya uzito wake, na akipiga magoti, karibu nusu. Mimi nina kilo 72, kwa hivyo hata ya magoti ni kama kilo 35, nami pushapu zangu nilizianzia ukutani. Lakini kijana anayepiga 50 bila kutweta anajizoeza kutochoka tu. Nguvu zake zimesimama palepale. Huyo aweke miguu juu ya ngazi, ajitwike mfuko wa mchanga mgongoni, au ashike chuma. Kwa miguu na mgongo, khasa, chuma kina faida kubwa, kwani miguu inatubeba kutwa nzima na uzito wetu imeshauzoea. Na kwenye chuma ukiongeza kilo moja unajua umeongeza kilo moja.

Wenye vyuma nao wasitambe. Mtoto wetu huyo anajitwika gunia la kilo 50 na kutembea nalo. Msimu wa karafuu alipanda mkarafuu pamoja na kijana mwembamba wa Mtambwe ambaye hajawahi kushika chuma. Yule mwembamba alikaa juu asubuhi nzima, mkono mmoja tawini, mwengine unavuta kwa ngoe, anachuma na kuteremsha. Wetu alishuka mapema, mikono inamtetemeka. Mwili hujua kile unachofanyishwa.

Sasa mimi. Nilianza kwenye kiti cha plastiki, mikono nimeikunja kifuani, nakaa na kuinuka. Siku ya kwanza sikufika mara 5. Nilipoweza mara 10, kwa mapumziko, raundi 3, nikachukua dumu la manjano la mafuta ya kula, nikatia maji lita 3, nikalikumbatia kifuani. Lita moja ya maji ni kilo moja, hesabu haina shida. Ubavuni nimechora mistari kwa mkaa, na mpini nimeuzungushia kipande cha kanga kwa sababu ulikuwa ukinikata viganja. Muuguzi alinikanya nisizuie pumzi ninapoinuka bali niitoe, kwani kuibana hupandisha presha ghafla, na presha ninayo. Mwezi wa Ramadhani nilisali tarawehe kuanzia usiku wa kwanza, ukuta sikuugusa.

Nilipolipeleka dumu kwenye kikundi, anayetuongoza aliniambia vizito ni vya wanaume na mimi nitakuja kuwa na mwili wa kiume. Niliumia sana. Mwanamke hana homoni ya kutosha kumjaza misuli namna hiyo, wala kwa umri wangu. Kinachotutokea sisi ni kinyume chake: misuli huanza kupungua taratibu tangu miaka ya thelathini, na baada ya 60 hupungua kwa kasi zaidi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli mikubwa yote angalau siku 2 kwa wiki, juu ya zile dakika 150 za kutembea kwa haraka au mfano wake. Hizo dakika vikundi vyetu vinazitimiza. Siku 2 hizo ndizo tunazonyimwa.

Nawaomba viongozi wa vikundi vya mazoezi, Unguja na Pemba, watenge robo saa kila Jumatatu na Alkhamisi kwa ajili ya mzigo. Na kwenye viwanja vya skuli liwekwe bomba la kujivutia, refu kwa vijana na fupi kwa sisi, ambao tutajivuta miguu ikiwa chini. Haihitajiki bajeti ya madumu, kila mmoja atakuja na la nyumbani kwake. La kwangu liko tayari, lina lita 14.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba