Masika ndiyo wakati wa kuwafunza wafanyakazi wa hoteli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wasimamizi wa hoteli za ukanda wa mashariki wa Unguja, Kiwengwa hadi Paje. Kila msimu ukianza hulalamika kwamba vijana hawajui kazi. Mbona Aprili na Mei, mvua zinapopunguza wageni na vyumba vitupu vipo, hawafunzwi? Mafunzo husubiri Julai, hoteli ikishajaa.

Ipo njia ya hatua nne, iliyotumika sana viwandani Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Muulize kijana anajua nini. Mwoneshe kazi polepole huku ukimweleza sababu. Aifanye mwenyewe, naye akueleze. Kisha mwachie, umpitie mara kwa mara siku za mwanzo na upunguze kidogo kidogo.

Wengi wetu huishia hatua ya pili. Kijana ametazama, ameitikia "ndiyo, bosi", basi huhesabiwa kajua. Kwetu kumuuliza mkubwa mara mbili huonekana utovu wa adabu, kwa hiyo ataitikia tu hata kama hakufahamu. Hatua ya tatu ndiyo inayomfichua: asipoweza kueleza kwa nini dawa ya choo hutiwa mwanzo, kabla ya kufuta kioo na sinki, hajui kwamba dawa inahitaji muda wa kufanya kazi. Ataitia na kuisugua papo hapo.

Kosa jengine ni kumpa cheo mtandika vitanda hodari bila kumfunza usimamizi. Akiona chumba hakijakaa sawa, hukirudia mwenyewe. Vyumba vinatoka safi, yeye anachoka, na walio chini yake wanabaki walipo. Kabla ya cheo, apange ratiba ya zamu ya wiki moja, halafu akague vyumba vitatu kila asubuhi; nawe vipitie baada yake, mlinganishe mlichoona. Akikosea, muite pembeni. Ukimsema mbele ya wenzake, kesho ataficha.

Anayerudi kozi, iwe ya chuo cha utalii cha Maruhubi au ya siku mbili tu, apewe wiki hiyo hiyo kazi ya kutumia alichosoma.

Mwisho, nusu saa kila wiki mbili, kaa na mfanyakazi mmoja mmoja umuulize nini kinamkwamisha. Akikutajia mashine ya kufulia mbovu, mletee jibu, hata kama jibu ni kwamba fedha hazipo. Akitaja mara mbili bila ya kujibiwa, mara ya tatu atakwambia "hakuna tatizo, bosi", nawe utamwamini.

Msomaji wako,
Paje, Unguja