Red Rum hakuwa farasi wa bahati

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu Grand National, mbio ndefu za farasi za kuruka viunzi zinazofanyika kila mwaka Aintree, Liverpool, iliniuma, na nimekaa nayo siku tatu kabla ya kushika kalamu. Mliandika kwamba Red Rum alikuwa farasi wa bahati aliyeshinda mara tatu, na kwamba alipewa jina hilo kwa sababu ukilisoma kinyumenyume unapata neno la Kiingereza lenye maana ya mauaji. Aya moja tu mlimpa. Ukurasa uliobaki ulikuwa wa kamari: nani aweke shilingi ngapi, juu ya nani.

Nianze na jina kwa kuwa ni jepesi. Mama yake aliitwa Mared, baba yake Quorum. Wakachukua herufi tatu za mwisho za mama, wakaziunga na tatu za mwisho za baba. Hakuna mauaji yoyote hapo.

Hilo la bahati ndilo lililoninyima usingizi. Red Rum alizaliwa Mei 1965 huko County Kilkenny, Ireland. Hakuzalishwa awe mrukaji. Alikusudiwa mbio fupi za uwanja tambarare, na alipopigwa mnada akiwa na mwaka mmoja alinunuliwa kwa gini 400 (gini moja ni zaidi kidogo ya pauni moja ya Uingereza), bei ya farasi asiyetarajiwa makubwa. Mbio zake za kwanza zilikuwa mwaka 1967, masafa ya kilomita moja hivi, akamaliza sare na mwenzake. Zilifanyika Aintree, Liverpool, kwenye uwanja uleule ambao baadaye ungekuwa wake. Kisha akapita mikono ya wakufunzi kadhaa, akakimbizwa sana, na alipofika miaka saba alikuwa na ugonjwa usio na dawa: uvimbe wa mfupa ulio ndani ya kwato. Farasi mwenye kwato mbovu ni mzigo kwa mwenyewe. Hiyo ndiyo bahati aliyokuwa nayo.

Agosti 1972, mnadani Doncaster, alinunuliwa kwa gini 6,000 na Ginger McCain kwa niaba ya Noel Le Mare, mzee aliyepita miaka 80 ambaye tangu ujana alitamani kushinda Grand National. McCain hakuwa mkufunzi wa jina kubwa. Alikuwa akiuza magari na kuendesha teksi katika mji wa Southport, na Le Mare alikuwa abiria wake. Banda lake la farasi lilikuwa nyuma ya duka la magari, mjini kabisa. Kila asubuhi farasi walivuka barabara katikati ya magari ili wafike ufukweni kufanya mazoezi.

Mimi ninaishi Southport, Mhariri, mwaka wa kumi na moja sasa, nikifanya kazi ya kuwahudumia wazee. Lakini ni mzaliwa wa Lamu, na ndiyo sababu naandika. Bahari ya Southport hupwa mbali mno, hata ukisimama ukingoni huyaoni maji, unaona mchanga mtupu mpaka upeo wa macho. Hapo ndipo McCain alipomtoa Red Rum mara ya kwanza baada ya kumnunua, na hapohapo akamwona anachechemea. Gini 6,000 za mzee wa watu! Akaagiza farasi aingizwe baharini, atembezwe ndani ya maji ya chumvi. Alipotoka, mguu ulikuwa umetulia. Tangu siku hiyo mchanga ule na maji yale vikawa tiba yake ya kila siku, na msimu ule wa vuli akashinda mara tano mfululizo.

Mtu wa Lamu hahitaji kufafanuliwa. Babu yangu alikuwa na punda wa kubeba mawe ya matumbawe. Punda akianza kuchechemea, babu alimteremsha pwani, akamsimamisha maji yakiwa magotini, na hakumtoa mpaka adhana ya magharibi. Niliposikia habari za Red Rum kutoka kwa mzee mmoja ninayemhudumia hapa, ambaye ujanani aliwahi kuwapisha farasi hao barabarani akienda kazini, niliona nimeshamjua mnyama huyu kabla ya kuambiwa jina lake.

Wasomaji wenu wanajua mbio za kuruka viunzi na maji kwa sababu ya Wakenya. Kipchoge Keino alitwaa dhahabu ya mbio hizo Munich mwaka uleule wa 1972, na mbio zenyewe, hata jina lake la Kiingereza, steeplechase, zimetokana na hizi za farasi. Lakini Keino hakupandwa mgongoni. Farasi wa Grand National hubeba mpandaji pamoja na vipande vya madini ya risasi vinavyotiwa kwenye tandiko kuongeza uzito, na anayehesabiwa bora ndiye anayebebeshwa zaidi, ili wanyonge nao wapate nafasi. Enzi za Red Rum masafa yalizidi kilomita saba na viunzi vilikuwa 30. Ng'ambo ya kiunzi cha Becher's Brook palikuwa na handaki lililoua farasi. Lilifukiwa baada ya vifo vya mwaka 1989, na ni vizuri lilifukiwa. Wangelifukia mapema zaidi. Siwaandikii kutetea kila kinachofanywa Aintree.

Sasa tazameni mwaka 1973. Crisp, farasi mkubwa kutoka Australia, alibeba kilo 76. Red Rum, akipandwa na Brian Fletcher, alibeba pungufu ya hapo kwa kilo kumi hivi. Crisp aliongoza peke yake karibu njia yote, akiruka kana kwamba viunzi ni vya watoto, hata walipovuka kiunzi cha mwisho bado alikuwa mbele sana. Kisha miguu ikamwisha. Red Rum akamfikia hatua chache kabla ya mstari na kumpita kwa pungufu ya urefu wa farasi mmoja. Muda wake, dakika 9 na sekunde 1.9, ulivunja rekodi ya awali kwa zaidi ya sekunde 18. Wapo Waingereza ambao hawakumsamehe siku ile, maana walimlilia Crisp. Nami nimeitazama mara nyingi na kila mara namwonea Crisp huruma. Ikiwa bahati ilimwangukia Red Rum popote, ni hapo, katika tofauti ya mizigo.

Ndiyo maana mwaka uliofuata una uzito. Mwaka 1974 mzigo wa kilo 76 ulikuwa wake yeye. Akashinda tena, akimwacha nyuma L'Escargot, farasi aliyekuwa ametwaa mara mbili Kombe la Dhahabu la Cheltenham, mbio nyingine kubwa za kuruka viunzi za Uingereza. Hakuna aliyekuwa ameshinda Grand National miaka miwili mfululizo tangu Reynoldstown, 1935 na 1936. Wiki tatu baadaye akaenda Ayr na kushinda Grand National ya Uskoti pia. Kwa kwato zilezile.

Kisha mkaruka mpaka 1977, kama wanavyoruka wote. Mwaka 1975 alibebeshwa tena kilo 76, uwanja ukiwa umelowa jinsi asivyopenda, na L'Escargot akiwa na mzigo mwepesi kuliko wake akamshinda. Red Rum akawa wa pili. Mwaka 1976, akiwa sasa na Tommy Stack mgongoni, akawa wa pili tena, nyuma ya Rag Trade kwa urefu wa farasi wawili tu. Kwangu mimi miaka hiyo miwili ndiyo inayomweleza. Farasi wengi walioshinda Grand National walirudi mwaka uliofuata wakaanguka, au wakakataa kuruka, au hawakuonekana kabisa. Huyu alirudi akiwa na mzigo wa bingwa, akaruka kila kiunzi, akawashinda wote isipokuwa mmoja. Akarudi tena akafanya hivyohivyo. Jumlisheni: mara tano Aintree, viunzi 150, na hakuanguka hata kimoja. Ushindi mara tatu, wa pili mara mbili. Bahati gani inayodumu miaka mitano?

Aprili 1977 alikuwa na miaka 12 na wengi walikwisha kumzika. Uwanja wenyewe wa Aintree ulikuwa hoi kwa fedha, kila mwaka ikisemwa kwamba mbio hizi ndizo za mwisho. Aliyekuwa akiongoza alianguka Becher's Brook mzunguko wa pili, Red Rum akabaki mbele, na hakuna aliyempita tena. Alimaliza kwa urefu wa farasi 25. Mpaka leo hakuna farasi mwingine aliyeshinda Grand National mara tatu. Tiger Roll alishinda 2018 na 2019, kisha mwaka 2020 mbio zikafutwa kwa sababu ya korona.

Mwaka 1978 ufa mdogo wa mfupa ulimzuia siku moja kabla ya mbio, na hapo akastaafu. Aliishi miaka mingine 17 akizungushwa mijini kufungua maduka na kuongoza maandamano ya farasi, watu wakitaka tu kumgusa shingo. Alikufa Oktoba 1995 akiwa na miaka 30, akazikwa Aintree kando ya nguzo ya ushindi.

Yule mzee ninayemhudumia aliniambia kwamba asubuhi za baridi walisikia kwato juu ya lami kabla hawajawaona farasi, na kwamba madereva walizima injini bila kuombwa.

Ombi langu ni dogo. Aprili ijayo mkiandika habari za Grand National, na najua mtaandika kwa kuwa kamari inauza magazeti, mpeni Red Rum nusu ukurasa, na 1975 na 1976 msiziache nje. Jina la mama yake, kwa herufi zote, ni Mared.

Wenu,
Msomaji, mzaliwa wa Lamu
Southport, Uingereza