Ukuta wa shangazi haumo kwenye ramani yoyote

Mhariri, salaam. Naandika kutoka Lindi, naomba nafasi kidogo maana hili jambo la maafa yetu kutoandikwa popote limenikaa kooni tangu masika ya mwaka juzi.

Kwa shangazi yangu bondeni, upande wa Mto Lukuledi, maji yaliingia usiku, kulipokucha ukuta wa jiko uko chini, kuku hakuna hata mmoja, na mtama wa mbegu umeloa unanuka. Wakaja watu wa kuandika walioathirika, wakachana karatasi kwenye daftari la mtoto, jina la mkuu wa kaya, namba ya simu, basi wakaondoka. Sasa nyumba ile ni ya mumewe na mumewe keshafariki, kwa hiyo aliyeandikwa kuathirika na mafuriko ni marehemu! Baada ya wiki mbili nikaenda kuulizia, naambiwa karatasi anayo bwana fulani na huyo bwana kahamishwa.

Vimbunga vyenye majina hatuna shida navyo. Kenneth Aprili 2019 kila mtu Mtwara na Lindi alikuwa anakijua hata kabla hakijaenda kutua Msumbiji, na Hidaya Mei 2024 barabara ya kwenda Dar ilivyokatika Somanga nchi nzima ilijua. Kazi ipo kwenye mvua isiyo na jina, upepo umeezua mapaa mawili matatu, mkorosho umeangukia banda la mtu, nani anaandika? Kuna kanzidata ya maafa ya dunia iko Ubelgiji inaitwa EM-DAT, tukio kuingia mle lazima wafe watu 10 au waathirike 100, ama serikali itangaze dharura au iombe msaada nje. Siwalaumu, dunia nzima utaandika mangapi, ila ndo ujue ya kwetu tusipoandika wenyewe hayapo.

Na sio kazi ngumu kihivyo. Dar vijana wa Ramani Huria walipita mitaani na simu wakachora mitaro na nyumba mpaka kwenye mitaa ambayo kwenye ramani ilikuwa peupe tu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 nayo ipo, kamati zinatakiwa mpaka huku chini vijijini. Mi nataka kila kijiji kiwe na daftari gumu, sio karatasi, liandikwe siku na saa, pointi ya GPS ya nyumba (simu ya mtendaji inatosha kabisa), maji yalifika gotini au kiunoni, na ndani mlikuwa na nani, kwa majina yao, mjamzito, mzee asiyeona, mtoto mchanga, sio mkuu wa kaya peke yake. Halafu kopi iende wilayani, mtu akihamishwa daftari linabaki. Wazee nao waulizwe wangali hai, Lindi hii ilipigwa na kimbunga Aprili 1952 na waliokiona wanazidi kupungua.

Shangazi yeye alichukua mkaa akachora mstari sebuleni pale maji yalipofika, chini kidogo ya kitasa cha mlango. Kabla ya Idi vijana walikuja kupiga chokaa, akawasimamia mwenyewe, hapo pakwepeni. Wamepakwepa.

Mkazi wa Lindi