Shukrani kwa dada aliyemtafuta babu yetu

Babu aliondoka nyumbani akiwa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki), akafia Burma (sasa Myanmar) mwaka 1944, katika mapigano ya Bonde la Kabaw. Bibi aliachiwa barua moja tu ya serikali, imechakaa kwenye mikunjo, yenye jina lililokosewa na namba yake ya jeshi. Kaburi liko wapi, hakuna aliyejua.

Dada, hukutaka nikutaje, basi sikutaji. Lakini watu wajue ulichofanya. Ulianza na namba badala ya jina, maana karani aliandika jina alivyolisikia. Ukapekua orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola hadi ukampata: hana kaburi, ila jina lake limechongwa kwenye Mnara wa Rangoon (jina la zamani la Yangon), huko Taukkyan, Burma, pamoja na wenzake karibu 27,000. Halafu, ulipokwenda Yangon kikazi, ukajitoa siku nzima juani, ukasoma nguzo baada ya nguzo, ukatuma picha kidole chako kikiwa chini ya jina.

Mama, mwenye miaka themanini na ushei, alikigusa kwanza kile kidole, ndipo akaligusa jina la baba yake. Ahsante sana, dada.

Wenye barua kama hizo sandukuni, msizitupe. Anzeni na namba.