Msinunue skrini kabla laptopu haijapimwa

Mhariri,

Laptopu za mtumba ndizo zinazobeba kazi za wanafunzi, saiba na maduka madogo mengi humu Nairobi. Zilitumika ofisini ng'ambo miaka kadhaa kabla ya kufika madukani Luthuli au Moi Avenue, kwa hivyo zikianza kusumbua hakuna wa kushangaa. Skrini hupepesa, huchora mistari, au hubaki nyeusi huku feni ikivuma. Kinachotukera sisi tulio katika kazi hii ni jibu ambalo wateja wengi hupewa kwenye kaunta kabla hata bisibisi haijashikwa: "Skrini imekufa, lete pesa ya nyingine." Skrini inabadilishwa, na baada ya muda mfupi ugonjwa ni ule ule, kwa sababu haikuwa na kosa.

Picha husafiri kabla ya kufika machoni. Hutengenezwa na chipu ya picha kwenye bodi, hupita katika kebo nyembamba inayopenya kwenye bawaba, kisha huingia kwenye skrini, ambayo nayo huhitaji taa ya nyuma ili ionekane. Hitilafu yaweza kuwa popote katika njia hiyo, na kwa kawaida skrini ni ghali kuliko kebo, fyuzi au RAM (kadi ya kumbukumbu). Hiyo ndiyo sababu iwe ya mwisho kulaumiwa.

Kipimo cha kwanza hakigharimu chochote kwa mwenye televisheni. Unganisha laptopu kwa kebo ya HDMI, au kwa VGA kwenye monita ya zamani, na uhakikishe televisheni imewekwa kwenye tundu lenyewe, HDMI 1 au 2, maana wengi hukosea hapo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, halafu mshale wa chini mara moja, halafu Enter. Picha isipotokea, rudia. Ikitokea safi, chipu ya picha ni nzima, na tatizo huenda liko kwenye kebo, skrini, taa yake au fyuzi ya taa hiyo iliyo kwenye bodi. Mistari ile ile ikionekana pia kwenye televisheni, usinunue skrini kabisa. Shida iko kwenye chipu au programu yake. Na pande zote mbili zikiwa nyeusi, huenda laptopu haijawaka hata kidogo, ijapokuwa taa ndogo za pembeni zinakudanganya.

Kwa hiyo hali ya mwisho, anza na RAM. Zima, chomoa chaja, toa betri, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki uishe. Chomoa kadi za RAM, sugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba nyeupe safi, pangusa vumbi la raba, halafu jaribu kadi moja moja katika kila tundu. Kuwaka kwa mara ya kwanza baada ya hapo kwaweza kuchukua zaidi ya dakika moja, kwa hivyo usiharakishe kuizima. Milio ya mfululizo au taa inayomulika kwa mpangilio fulani ni lugha ya mtengenezaji. Ihesabu, kisha utafute maana yake kwenye mwongozo wa modeli hiyo.

Kipimo cha pili ni tochi ya simu. Ingia chumba chenye giza, washa laptopu, sogeza tochi karibu na skrini kwa mshazari. Ukiona kivuli cha dirisha au maandishi hafifu, skrini inachora vizuri na kilichokufa ni taa. Kabla ya kufungua chochote, jaribu vitufe vya mwangaza, kwani si mara moja tatizo limekuwa mwangaza ulioshushwa hadi chini. Kagua pia sumaku: laptopu nyingi hutambua kuwa zimefungwa kwa kihisi cha sumaku, kwa hivyo kava ya simu yenye sumaku iliyowekwa karibu na kibodi, au laptopu nyingine iliyo chini yake, huweza kuzima skrini iliyo nzima.

Tukae kidogo kwenye taa, kwa sababu hapa ndipo mafundi wenyewe huharibu kazi. Laptopu za kabla ya mwaka wa 2010 hivi hutumia mirija myembamba inayolishwa na bodi ndogo ya kupandisha umeme hadi mamia ya volti. Usiiguse bodi hiyo ikiwa imewaka, na mrija ukipasuka kumbuka una zebaki. Rangi ya waridi dakika za mwanzo ni dalili ya mrija uliochoka. Za baadaye hutumia LED, na umeme wake hupita katika kebo ile ile ya picha, pini chache tu kutoka kwenye pini za data. Umeme huo huweza kukaribia volti 20, ilhali data huhitaji volti kidogo sana. Fundi akichomoa au kuchomeka kebo huku betri ingali imeunganishwa, pini zikigusana kwa mshazari, fyuzi ya taa kwenye bodi hukatika, na siku mbaya chipu huondoka nayo. Ndiyo maana skrini mpya kabisa huwekwa na bado giza likabaki. Kuzima laptopu hakutoshi. Lazima betri itolewe, hata ile ya ndani yenye soketi ndogo.

Fyuzi yenyewe iko karibu na soketi ya kebo na kwa kawaida ni ndogo ya milimita chache tu. Ipime kwa mita ya umeme, betri ikiwa imetolewa: ikilia ni nzima, ikinyamaza imekatika. Usikubali iunganishwe kwa kipande cha waya. Fyuzi hukatika kwa sababu, na sababu hiyo isipotafutwa kwenye kebo au skrini, mara nyingine kitakachoungua ni bodi.

Kipimo cha tatu ni mkono. Fungua kifuniko polepole, kutoka karibu kufungwa hadi mwisho wake, huku ukitazama. Picha ikipepesa, ikigeuka rangi au ikizima kwenye pembe fulani tu, mshuku kebo. Nyaya zake hukunjwa kila siku, na ala yake huchubuka pale inapopita kwenye bawaba. Dawa ni kebo mpya ya modeli hiyo hiyo. Kuizungushia selotepu hakusaidii, kwani waya uliokatika ndani ya ala haujiungi. Lakini jaribu kwanza kuichomoa na kuirudisha upande wa skrini na upande wa bodi, kwani ikilegea kidogo tu huleta picha iliyojaa chembechembe au skrini nyeupe tupu.

Kebo ikikatika, bawaba nayo ina la kujibu. Ikikauka, nguvu ya kufungua kifuniko huhamia kwenye plastiki, na nati ndogo za shaba zilizozamishwa humo hung'oka. Utaona pembe moja ya laptopu ikiinuka. Legeza kwanza nati ya bawaba kwa robo mzunguko, ndipo uzirudishe zile nati za shaba kwa gundi ya sehemu mbili, na uiache ikauke saa 24 kabla ya kufunga skrubu. Ukigandisha bila kulegeza, itang'oka tena. Na laptopu ifunguliwe kwa kushika katikati ya kifuniko. Kushika pembe huipinda skrini pamoja na bawaba.

Kuhusu mistari, kuna jaribio rahisi ambalo wengi hawalitumii: piga picha ya skrini kwa kitufe cha PrtSc, uihifadhi, uitume kwenye simu. Mistari isipokuwamo katika picha hiyo, kwa kawaida laptopu inatoa picha safi na kosa liko kwenye kebo au skrini. Ikiwamo, kosa liko ndani. Kisha ingia BIOS, yaani menyu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows. Mistari ikiwapo hata huko, Windows haina hatia na hakuna haja ya kulipia mtu aisakinishe upya, kazi ambayo mteja hutozwa bila faida yoyote. Ikitokea tu baada ya Windows kupanda, bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja ili kuamsha upya draiva ya picha (programu inayoiendesha chipu), halafu weka draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji. Kwa laptopu nyingi za Dell, shikilia D huku ukiwasha. Skrini hujipaka rangi moja moja bila msaada wa Windows.

Mstari mmoja wa wima usiohama, kutoka juu hadi chini, kwa kawaida ni utando wa nyaya uliobanduka kwenye ukingo wa kioo. Hapo ndipo skrini imekufa kweli. Madoa meupe ni mgandamizo wa vitabu mkobani, na hayatibiki lakini hayazuii kazi. Kupepesa kunakotokea chaja inapochomekwa tu, badilisha chaja kwanza.

Sasa chipu. Baadhi ya mafundi huipasha kwa hewa moto, inaamka, mteja analipa. Wiki chache baadaye imelala tena. Viungo vidogo vilivyo ndani ya chipu hupasuka kwa kupata joto na kupoa miaka mingi, na moto wa juu huvigusanisha tu kwa muda. Tatizo hili si la mitaani peke yake: Julai 2008 kampuni ya Nvidia ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za laptopu zilizokuwa zikiharibika, na mwaka wa 2015 Apple ilifungua mpango wa kutengeneza bila malipo baadhi ya MacBook Pro za 2011 hadi 2013 zenye hitilafu ya picha. Kulipia moto huo ni kutupa pesa. Kilicho bora ni kuzuia: safisha feni, na ubadilishe mafuta ya joto (thermal paste) juu ya chipu, kiasi cha punje ya mchele kikitosha.

Ikithibitika kuwa skrini ndiyo, usinunue kwa kutaja inchi peke yake. Namba iliyo nyuma ya skrini ya zamani ndiyo inayotawala. Linganisha idadi ya pini, 30 au 40, upande soketi ilipo na mahali pa matundu ya skrubu. Pini 40 za aina ya zamani, LVDS, hazipatani na za aina mpya, eDP, hata zikionekana kufanana. Ukitaka kupanda kutoka skrini ya nukta 1366 kwa 768 hadi 1920 kwa 1080, fahamu kuwa katika eDP ya kwanza kwa kawaida huhitaji jozi moja ya nyaya za data na ya pili jozi mbili, hivyo kebo ya zamani huenda isitoshe. Skrini ijaribiwe palepale kaunta, bila kubandua karatasi ya kinga wala kubana skrubu, kwa rangi nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na buluu, ili vidoa vilivyokufa vijitokeze.

Kwa mafundi wenzetu tunaomba jambo dogo. Fanyeni jaribio la televisheni na la tochi mbele ya mteja, andikeni namba ya skrini kwenye risiti pamoja na muda wa dhamana, na mrudishieni ile ya zamani. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka wa 2012 inampa mteja haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na risiti isemayo "matengenezo" pekee haimsaidii yeye wala fundi siku ya mzozo. Asiye na pesa ya skrini kwa sasa anaweza kuiunganisha laptopu na televisheni na kuendelea na kazi; faili zake ziko kwenye diski, na skrini kufa hakuzigusi.

Mafundi wa kompyuta,
Nairobi