Barua iliyoandikwa na simu haikulijua banio letu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililotupata sisi watumiaji wa mfereji mmoja wa asili katika miteremko ya Mlima Meru, kwa kuwa naamini limekwisha kuwapata, au litawapata, wengi wanaoiachia akili unde kazi ya kuwaandikia.

Masika iliyopita mafuriko yalibomoa upande mmoja wa banio letu, yaani kizuizi kinachoyageuza maji ya mto yaingie mferejini. Tangu hapo maji mengi hurudi mtoni kabla ya kuingia mferejini, na wakulima wa chini, ambao zamu yao ilikuwa ya asubuhi, wamejikuta wakimwagilia mahindi na maharage saa nane usiku, tochi mkononi. Kamati iliazimia kuandika barua ya kuomba msaada. Katibu wetu, kijana aliyemaliza kidato cha sita na ambaye namheshimu kwa bidii yake, alifungua programu kwenye simu, akaeleza haja yetu kwa mistari miwili, na baada ya dakika moja akawa na kurasa mbili zilizopangwa vizuri. Tulisomewa, tukaridhika, tukatia sahihi. Mimi niliyefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka 30 nilitia sahihi yangu pia, na hilo linaniuma hadi leo.

Afisa aliyeipokea aliisoma mbele yetu. Ilizungumzia usimamizi shirikishi na endelevu wa rasilimali za maji, ikasisitiza wajibu wa wadau wote, ikamalizia kwa maneno ya matumaini. Kisha akatuuliza: banio limebomoka kwa urefu gani, ni kaya ngapi zinakosa maji, na tunachoomba ni saruji au ni fundi? Katibu alinyamaza. Si kwamba haujui mfereji huo, maana amezaliwa kando yake. Ila maswali hayo hayakuwahi kumjia, kwa sababu barua ilikwisha kabla hajalazimika kujiuliza. Mama mmoja wa kamati ndiye aliyeinuka akaeleza yote kwa sentensi nne.

Tuliporudi nyumbani tulikaa jioni tatu tukiandika upya kwa kalamu, na hapo ndipo nilipoelewa tulichokuwa tumenyang'anywa. Jioni ya pili tulifika kwenye sentensi iliyosema kwamba tunataka maji yagawanywe kama zamani. Wakulima wa juu na wa chini wakagundua kwamba hawazungumzii zamani moja. Wa juu walikuwa na maana ya enzi ambayo kila mtu alifungulia maji alipoyahitaji. Wa chini walikuwa na maana ya zamu zilizopangwa na wazee baada ya ugomvi wa kiangazi kimoja kirefu. Mzozo ulikuwa mkali, na watu wawili walitoka nje kwa hasira kabla ya kurudi. Mzozo huo ulikuwapo siku zote. Ile barua ya kwanza iliufunika kwa maneno "mgawanyo wenye usawa", ambayo kila upande uliyasikia kwa namna ulivyopenda. Barua tuliyoipata mwishoni haikuzidi nusu ukurasa, lakini kila mjumbe angeweza kusimama akaitetea bila kuitazama.

Nimesoma kwamba mwaka 2025 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia nchini Marekani, walitangaza matokeo ya uchunguzi wa watu 54 walioandika insha huku shughuli za ubongo wao zikipimwa. Kundi moja lilitumia ChatGPT, ambayo ni programu ya akili unde, la pili lilitafuta taarifa kwenye intaneti kwa njia ya kawaida, na la tatu halikuwa na msaada wowote. Baada ya insha ya kwanza, watu 15 kati ya 18 wa kundi la ChatGPT walishindwa kunukuu walichotoka kukiandika muda mfupi tu uliopita. Katika kila kundi kati ya yale mengine walioshindwa walikuwa wawili. Uchunguzi huo ni mdogo, ulitangazwa kabla ya kupitiwa na wataalamu wengine, na watafiti wenyewe walionya usigeuzwe kuwa habari ya watu kupumbazwa. Hata hivyo nilipousoma nilimwona katibu wetu amesimama mbele ya yule afisa.

Programu hizi hujifunza kutokana na maandishi mengi mno, kisha hukisia neno linaloelekea kufuata jingine. Sehemu kubwa ya maandishi hayo ni ya Kiingereza. Ndiyo maana Kiswahili chake mara nyingi ni laini, kisicho na kosa la kisarufi, lakini hakina kwao. Haliji neno banio, wala zamu, wala kufungulia maji, mpaka mtu ayatie mwenyewe. Na mtu aliyezoea kupokea hayatii. Nilipokuwa darasani ningeweza kujua insha ya mwanafunzi wa Nkoaranga na ya mwenzake aliyehamia kutoka Kondoa kabla sijasoma jina. Walimu ninaozungumza nao sasa wananiambia kwamba insha za nyumbani zimeanza kufanana kama sare za shule.

Wapo watakaosema kwamba maneno haya yalisemwa pia kikokotoo kilipoingia shuleni. Sikubali mfano huo. Jibu la kuzidisha ni lilelile kwa kila mtu, na hakuna anayelidai kuwa lake. Lakini katika barua ya madai, maneno ndiyo madai yenyewe. Ukipewa maneno na mwingine, umepewa na madai.

Kupokea msaada si aibu, na historia ya Meru inashuhudia hivyo. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi wa Kizungu. Mwaka 1952 wananchi walimtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, akawasilishe malalamiko mbele ya Baraza la Udhamini, chombo cha Umoja huo kilichosimamia nchi za udhamini kama Tanganyika. Alikuwa na mwanasheria, Earle Seaton, aliyejua taratibu na lugha ya vikao vile. Lakini dai lenyewe lilikuwa la Wameru, na aliyesimama kulieleza alikuwa mmoja wao.

Kwa hiyo siombi programu hizi zipigwe marufuku. Mzee asiyeona vizuri, au kikundi kinacholazimika kumwandikia mfadhili kwa Kiingereza, wana haki ya kuzitumia. Ninachoomba ni mpangilio: kwanza mtu aandike mwenyewe, afute, akwame, aulize majirani, kisha, akipenda, mashine imsahihishie tahajia. Hata katika uchunguzi ule wa MIT, watu wachache walioanza kwa kichwa chao na baadaye wakapewa chombo walionyesha ubongo uliochangamka kuliko walioanza na chombo kisha wakanyang'anywa. Shule zirudishe insha ya darasani, ya kalamu na karatasi, na mwanafunzi asimame aeleze alichoandika. Kamati za vijiji zisipokee barua ambayo mwandishi wake hawezi kuijibia sentensi moja moja.

Nawe Mhariri, nakuomba uwatangazie vijana wa Arumeru na Arusha mjini kwamba ukurasa huu utapokea barua walizoandika wenyewe, hata zikiwa na makosa ya herufi ambayo dawati lako linaweza kuyarekebisha. Katibu wetu ameniahidi kuleta yake, kuhusu zamu za usiku.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Tengeru, Arusha