Barua kwa vijana wa mdahalo wa Jumamosi

Wanangu, wajukuu zangu,

Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma karibu na mlango mmoja wenu aliposimama akasema mtu aliyepita miaka 75 asipewe nafasi kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa sababu "takwimu zimeshaamua." Ukumbi mzima mkapiga makofi. Shosho aliyekaa kando yangu akaokota mkoba wake akatoka, polepole, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Tangu siku hiyo sijatulia. Nimefundisha baolojia miaka 31, mingi yake hapa hapa Eastlands, Nairobi, na nahofia makofi yale ni mavuno ya kile nilichopanda mwenyewe.

Takwimu haziamui, jamani. Zinaweza kusema mgonjwa wa miaka 40 ana matumaini ya kuishi muda mrefu kuliko wa 80, na hapo sibishi. Lakini kutoka hapo hadi "basi wa 80 aachwe" kuna mto, nanyi mliuruka kana kwamba haupo. David Hume, mwanafalsafa Mskoti, alililalamikia jambo hili tangu 1740: waandishi huanza na yaliyopo, mara ghafla wako kwenye yanayopasa, wala hawasemi wamevukaje. Najua mlimtaja Sam Harris, mwandishi Mmarekani aliyeandika mwaka 2010 kwamba sayansi inaweza kutupa majibu ya maadili kwa kuchunguza ustawi wa viumbe wenye hisia. Haya. Ni kipimo gani kilichomwonyesha kwamba ustawi ndio wa kupimwa? Na utangulie ustawi wa nani, wa shosho au wako?

Hospitali ya Mathari mnaipita kila siku mkiwa kwenye matatu. Enzi za mkoloni iliwahi kuongozwa na daktari aliyeitwa J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha maandishi yake, yanayomfananisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikachapisha maelezo yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau, mwaka ule ule wa Operesheni Anvil, wanaume walipozolewa mitaani humu wakapelekwa kambi za kizuizini za Langata na Manyani. Mtaniambia hiyo ilikuwa sayansi mbovu, na sayansi bora imeisahihisha. Kweli kabisa. Lakini tuseme angekuwa amepima sawasawa. Ingekuwa halali basi kumfungia babu yako Manyani? Najua mmesema hapana kabla sijamaliza swali. Hiyo hapana mmeitoa maabara gani?

Msidhani naichukia sayansi, imenilisha. Nilipokuwa mdogo, mtoto mwenye kifafa alidhaniwa amerogwa, akatengewa sahani na kikombe chake. Sayansi ilipotuonyesha kifafa hakiambukizi wala si laana, tulibaki na aibu ya tuliyoyatenda. Aibu yenyewe haikutoka kwenye vitabu vyangu vya baolojia.

Wala si nyinyi tu. Wakubwa wetu nao wamejifunza kujificha nyuma ya wataalamu. Mafuriko ya 2024 yalipotukumba, tingatinga zikaingia kando ya mito, Mathare na Mukuru, na tukaambiwa ni sayansi: mto unahitaji nafasi yake. Ni kweli mto unahitaji nafasi. Ila kumtoa mama na watoto kwenye mvua bila kumwonyesha pa kulala, hilo halikuandikwa na mto. Kuna mtu aliketi ofisini akaliona linafaa, na ni huyo tunayepaswa kumuuliza.

Mengine kwa ufupi. Someni jedwali lote kabla ya kulinukuu. Msimkate mtu mzima kauli. Simu zikae mfukoni.

Na yule shosho anakaa nyuma ya kinu cha unga, mlango wa kijani. Nendeni mkamsalimie, wote mliopiga makofi, na mbebe sukari kidogo. Msiende Jumanne wala Ijumaa, hamtamkuta. Siku hizo huondoka alfajiri kwenda hospitali, kwenye hiyo mashine yenu.

Mwalimu wenu wa zamani